Chora, Rekodi, Fundisha: Programu Zisizolipiwa
Unatamani kufundisha kuchora kwa video, lakini bei ya programu inakukatisha tamaa? Anza na Krita, programu huria ya kuchorea. Ipakue bure kwenye krita.org; ile ya duka la mtandaoni la Steam hulipiwa, na malipo hayo husaidia kuiendeleza. Tangu toleo la 5.0 ina kinasa kinachogeuza hatua za mchoro wako kuwa video fupi. Ukitaka kueleza kwa sauti huku ukichora, tumia OBS Studio, programu ya bure ya kurekodi skrini: chagua skrini ya kunaswa, jaribu maikrofoni, kisha anza kurekodi. Palipokosewa, pakate kwa Shotcut, programu ya bure ya kuhariri video. Jihadhari na programu za kulipia zinazogawiwa kiholela mitandaoni. Zinaweza kukuletea virusi. Pakua kwa watengenezaji wenyewe.