Ukuu wa Ulimwengu na Faraja ya Mwamini

Utangulizi

Elimu ya falaki, yaani sayansi inayochunguza nyota, sayari na anga la mbali, imedhihirisha kwamba ulimwengu ni mkubwa kupita uwezo wa akili kuukadiria, na kwa watu wengi ujuzi huo umezaa hofu. Blaise Pascal, mwanahisabati wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1662 akiwa Mkristo mwenye imani ya kina, aliieleza waziwazi hofu inayomshika binadamu anapolitafakari anga lisilo na kikomo. Swali la mhadhara huu ni kama Mkristo anayeujua ukubwa huo, naye amefiwa, anaugua au amekata tamaa, anaweza kupata humo faraja ya kweli bila kujidanganya. Jibu litakalotetewa ni kwamba anaweza, kwa kuwa imani yake inamfundisha kuwa ukuu wa Mungu haumweki mbali na aliye mdogo, na kwamba nyota, ingawa zenyewe hazina huruma, zinamsaidia kuuelewa ukuu wa namna hiyo.

Swali la kale

Hofu hiyo haikuanza na darubini. Katika karne ya 2 Baada ya Kristo, Ptolemy wa Alexandria alikwisha kufundisha kwamba dunia, ikilinganishwa na mbingu, ni kama nukta, na Wakristo waliyapokea mafundisho hayo wakaishi nayo kwa zaidi ya miaka elfu moja. Boethius, kiongozi Mkristo wa Roma aliyekuwa kizuizini akingoja kuuawa yapata mwaka 524, aliutumia udogo huo wa dunia katika kitabu chake juu ya faraja ya falsafa ili kujitenga na kiu ya sifa za wanadamu.

Mjadala ulipamba moto baada ya Nicolaus Copernicus kuchapisha, mwaka 1543, hoja kwamba dunia ndiyo inayolizunguka jua. Ikiwa ni hivyo, wapinzani walisema, basi nyota zilipaswa kuonekana zikisogea kidogo kadiri dunia inavyohama kutoka upande mmoja wa jua hadi mwingine, badiliko ambalo wanafalaki huliita paralaksi. Na kwa kuwa hakuna aliyeliona, ilibidi ama dunia iwe imesimama, ama nyota ziwe mbali mno. Tycho Brahe wa Denmark aliona umbali huo ni upuuzi, maana ungeacha nafasi kubwa tupu isiyo na kazi. Christoph Rothmann, mwanafalaki wa Kassel nchini Ujerumani, alimjibu kwamba hakuna upuuzi wowote, kwani ulimwengu mkubwa unamstahili Muumba ambaye hekima na enzi yake havina mipaka. Paralaksi ya nyota ilipimwa kwa uhakika mwaka 1838 na Friedrich Bessel, na vipimo vyake vikathibitisha kwamba nyota ziko mbali kweli. Ikumbukwe kwamba Rothmann alikuwa tayari kuupokea ukubwa huo zaidi ya miaka 200 kabla ya vipimo, na kwamba theolojia yake ilimwezesha kuupokea bila kutetereka.

Ukubwa usio wa bure

Kundi la nyota liitwalo Kilimia, ambalo wakulima wa Afrika Mashariki wamelitumia tangu zamani kutambua majira ya kulima, liko umbali wa takriban miaka ya nuru 440. Mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja, nao ni karibu kilomita trilioni 9.5. Kwa hiyo mwanga wa Kilimia unaofika leo kwa mtu aliyesimama uani kwake ulianza safari karibu na miaka ambayo Brahe na Rothmann walikuwa wakiandikiana barua. Na Kilimia ni jirani wa karibu, kwa sababu galaksi ya Andromeda, mkusanyiko mkubwa wa nyota unaoweza kuonekana kwa macho matupu, iko umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 2.5.

Dai la Brahe kwamba nafasi hiyo yote haina kazi limejibiwa na fizikia yenyewe. Ulimwengu ulipoanza, takriban miaka bilioni 13.8 iliyopita, ulikuwa na hidrojeni na heli, karibu bila kingine chochote. Kaboni ya mwili wa binadamu, oksijeni anayoivuta na chuma kilicho katika damu yake vilitengenezwa ndani ya nyota na katika milipuko yake, kazi iliyochukua mabilioni ya miaka, na katika muda wote huo ulimwengu uliendelea kupanuka. Ulimwengu mdogo usingedumu muda wa kutosha kuzaa uhai wa namna hii. John Polkinghorne, mwanafizikia wa Cambridge aliyepewa upadre wa Kanisa la Anglikana mwaka 1982, alisisitiza kwamba binadamu hana sababu ya kufadhaishwa na wingi wa nyota, kwa maana bila ukubwa huo yeye mwenyewe asingekuwepo.

Mungu wa nyota na wa vidonda

Hata hivyo, mtu aliyeketi kando ya kitanda cha mgonjwa haponywi huzuni na hesabu ya kaboni. Kinachomtia hofu ni kipimo cha mamlaka alichokizoea: kadiri wilaya inavyokuwa kubwa, ndivyo mkuu wake anavyozidi kushindwa kumjua mwanakijiji mmoja mmoja, kwa sababu muda na nguvu zake vina kikomo. Mwenye dhana hiyo akiambiwa kuhusu mabilioni ya galaksi, huhitimisha kwamba Mungu hawezi kuwa na nafasi kwa ajili yake. Kosa la hitimisho hilo ni kumgawia Mungu uchovu wa binadamu. Asiye na kikomo hapungukiwi anapomwangalia mmoja, na ndiyo maana Augustino wa Hippo aliweza kufundisha kwamba Mungu humtunza kila mtu kana kwamba ni yeye peke yake.

Zaburi ya 147 inalionyesha jambo hili kwa mpangilio wake wenyewe. Aya ya 3 inamtaja Mungu akiwaponya waliovunjika moyo na kuvifunga vidonda vyao, na aya ya 4, bila neno lolote la kuziunganisha, inamtaja akiihesabu idadi ya nyota na kuzipa majina. Mtunzi hakuhisi haja ya kueleza jinsi kazi hizo mbili zinavyopatana, kwa kuwa kwake zilikuwa kazi za mkono mmoja. Katika sura ya 38 ya Kitabu cha Ayubu, ambako Kilimia kinatajwa kwa jina, mtu aliyepoteza watoto, mali na afya anaelekezwa kwenye misingi ya dunia na vifungo vya nyota. Hapewi maelezo ya sababu za mateso yake. Anachopewa ni Mungu mwenyewe kusema naye, na kwake hilo linatosha kumtoa katika upweke wa kuteseka bila msikilizaji.

Mipaka ya hoja

Faraja hii isichukuliwe kuwa uthibitisho wa kisayansi wa kuwapo kwa Mungu. Georges Lemaître, padre na mwanafizikia wa Ubelgiji, alionyesha mwaka 1927 kwamba ulimwengu unapanuka, na mwaka 1931 akapendekeza kwamba ulianza katika hali ndogo iliyosongamana mno. Papa Pius XII aliposema mwaka 1951 kwamba sayansi ilikuwa ikiushuhudia uumbaji, Lemaître hakuridhika, kwa sababu kwake nadharia ya sayansi hukubaliwa au kukataliwa kwa vipimo, na imani haipaswi kutundikwa juu yake. Tumaini la Mkristo lina msingi mwingine, ambao ni umwilisho, yaani fundisho kwamba aliyeziumba nyota alizaliwa na mwanamke, akalia kaburini kwa rafiki yake na akafa msalabani. Ukubwa wa ulimwengu hauthibitishi fundisho hilo, bali unamwonyesha mwamini urefu wa safari aliyoifanya Mungu ili kuwa karibu na binadamu.

Hitimisho

Kutokana na hoja hizi, elimu ya falaki inastahili nafasi katika mafunzo ya wachungaji, mapadre na makatekista, kwani waumini wao wanasoma habari za galaksi shuleni na kwenye simu, na wengi wanabaki na hofu isiyojibiwa. Anayehubiri msibani anaweza kuutaja ukubwa wa mbingu bila woga, mradi autaje pamoja na vidonda vinavyofungwa, na mradi kanisa lake lijulikane kwa kwenda kuvifunga.