Kabla ya Kugeuza Rele: Maneno kwa Familia na Viongozi wa Manika



Mlituuliza jambo moja, nasi tumekuja kulijibu. Makampuni ya migodi yanapobadilisha vyombo vyao, redio za zamani huuzwa kwa bei ndogo. Je, inawezekana kuchukua rele moja ya namna hiyo na kuigeuza itumie mawimbi ya redio ya ridhaa, ili familia zisikilizane? Ndiyo, mashine inaweza kugeuzwa. Lakini hiyo ndiyo sehemu ndogo ya kazi.

Kwanza tuelewane rele ni nini. Redio ya mkononi, ile wengi tunayoiita motorola, haifiki mbali. Kilima au lundo la udongo wa mgodi likisimama katikati, sauti inakatika. Rele huwekwa mahali pa juu. Inasikia kwenye masafa fulani, na papo hapo inarusha maneno yale yale kwenye masafa mengine kwa nguvu zaidi. Hivyo watu wawili wasioweza kusikiana wenyewe wanasikiana kupitia kwake.

Rele nyingi za makampuni zilitengenezwa kwa masafa yaliyo kati ya megahezi 136 na 174, au kwa kipande tu cha hapo. Redio ya ridhaa, katika Afrika na Ulaya, imepewa megahezi 144 hadi 146. Rele ya zamani sana ina kristali, kijiwe kidogo kinachoshika masafa, na hicho hubadilishwa. Iliyo mpya zaidi hupangwa kwa kompyuta. Hapo wengi hudhani kazi imekwisha.

Haijakwisha. Rele husikia na kusema kwa wakati mmoja, mara nyingi kwa antena moja. Ili isijizibe masikio yenyewe, katikati huwekwa makopo ya chuma yanayochuja mawimbi. Kwa kawaida makampuni hutenganisha masafa ya kusikia na ya kusema kwa megahezi kadhaa. Kwenye eneo hili la ridhaa, desturi ni kutenganisha kwa megahezi 0.6 tu. Makopo madogo ya kampuni mara nyingi hayawezi kuchuja masafa yaliyokaribiana hivyo. Yatahitajika makubwa zaidi, na fundi mwenye chombo cha kupimia, kwa maana kuzungusha skrubu kwa kukisia huharibu. Anayeuza mashine bila makopo amewauzia nusu. Rele ya megahezi 430 hadi 440 huwa na nafuu, kwa kuwa huko masafa mawili hutenganishwa zaidi.

Halafu kuna umeme. Rele inayorusha wati 25 inaweza kula ampea 5 hivi kwenye batri ya volti 12. Batri ya ampea-saa 100, ikitumiwa nusu tu ili isife mapema, itatoa kama saa 10 za kusema. Nani atanunua batri ya pili? Na radi ya masika yetu mnaijua: mlingoti usio na waya wa ardhini unaita moto nyumbani.

Sasa tufike kwenye kazi kubwa, ambayo ni kuaminiana.

Wazee hapa wanakumbuka miaka ya 1992 na 1993. Maneno ya chuki yalitangulia, mikono ikafuata. Maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, na wengi walilala kwenye vituo vya gari moshi vya Likasi na Kolwezi wakingoja kuondoka. Katika mji wenye kumbukumbu hiyo, mgeni akisimamisha antena bila maelezo, jirani hulala macho wazi. Neno «mpelelezi» litatoka kabla ya asubuhi. Tusiwape watu sababu.

Kwa hiyo sheria inatulinda sisi wenyewe. Sheria namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020 ndiyo inayosimamia mawasiliano katika nchi yetu, na anayetaka kurusha mawimbi huomba ruhusa. Redio ya ridhaa nayo ina kanuni zake za kimataifa, zilizorekebishwa mwaka 2003. Si ya biashara. Maneno ya mafumbo ya kuficha maana hayaruhusiwi. Kupeleka ujumbe wa mtu mwingine kutoka nchi hadi nchi kunaruhusiwa tu wakati wa dharura au maafa. Na anayesema lazima awe amethibitisha ujuzi wake.

Mnaona basi: anayetaka kuuliza bei ya makala au ya unga kila siku, hapo si mahali pake.

Ushauri wetu ni huu. Kama haja yenu ni ulinzi wa kartie na habari za kila siku, msiigeuze rele. Iacheni kwenye masafa ya kazi, mwombe kibali kwa jina la kamati yenye wenyeji na waliohamia pamoja. Kama mnatafuta ndugu aliyepotea, nendeni kwa Msalaba Mwekundu, ambao kazi yao ni kuunganisha familia na hawadai malipo. Kama mna vijana wanaotaka kujifunza redio, waanzeni kwa masomo na leseni, kisha mgeuze mashine. Siku barabara na simu zitakapokatika, watakuwa tayari.

Njia yoyote mtakayochagua, wekeni daftari linaloandika nani alisema na saa ngapi. Funguo za chumba cha mashine zishikwe na watu wawili, mwenyeji mmoja na aliyehamia mmoja. Na jirani yeyote akitaka kuja kusikiliza, mpeni kiti.

Tumeona mitambo mizuri ikilala kimya kwa sababu watu hawakuafikiana nani aiguse. Afadhali mkae vikao vitatu zaidi kabla ya kununua hata waya mmoja.

 Sasa tunangoja maswali yenu.