Ombi Lisifutwe: Marekebisho ya Dirty COW katika Kerneli ya Linux

Nimeichagua hitilafu ya Dirty COW, iliyosajiliwa kwa namba CVE-2016-5195, kwa sababu marekebisho yake yana mafunzo mengi kuliko shambulio lenyewe.

Linux hainakili kumbukumbu ovyo. Programu inayoliingiza faili kwenye kumbukumbu kwa ramani ya faragha husoma kurasa zilezile ambazo kerneli imeziwekea programu zote. Ikitaka kuandika, ndipo hupewa nakala yake. Hata ramani ya kusoma tu, kerneli huwaachia watatuzi wa programu waandike kwa nguvu, ilimradi maandishi yaishie kwenye nakala hiyo.

Ugumu uko hapo. Nakala ikishatengenezwa, bado haina ruhusa ya kuandikwa. Kerneli ikiuliza tena kama inaweza kuandika, itajibiwa hapana, na itazunguka bila mwisho. Ili kuukata mzunguko huo, msimbo wa zamani uliifuta alama ya FOLL_WRITE, na ombi la kuandika likageuka kuwa la kusoma. Sasa programu iandike kwa njia hiyo ya watatuzi, na uzi wake wa pili uite madvise, uitupe nakala katikati ya hatua hizo. Kerneli inarudi, haikuti nakala, inaona ombi la kusoma, inatoa ukurasa halisi wa faili. Maandishi yanaangukia humo! Mtumiaji wa kawaida amebadilisha faili la mfumo asiloruhusiwa kulibadilisha, na kutoka hapo hadi mamlaka ya root si mbali.

Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alikuwa amejaribu kuliziba tatizo hili mwaka 2005, lakini rekebisho lile likaondolewa kwa sababu ya matatizo kwenye mashine za s390. Wakati ule mbio hizo za nyuzi mbili zilikuwa za kinadharia. Kerneli ilivyobadilika, zikawa rahisi kuchochewa. Matoleo yaliyoathirika yanahesabiwa kuanzia 2.6.22 ya mwaka 2007. Phil Oester ndiye aliyeigundua hitilafu.

Rekebisho la Oktoba 2016 ni fupi, na kwa maoni yangu ni zuri sana. FOLL_WRITE haifutwi tena. Iliongezwa alama mpya, FOLL_COW, iliyosema kwamba nakala imekwisha kutengenezwa, na kerneli haikuiamini mpaka ithibitishe kwamba ukurasa uliopo wakati huo una alama ya kuchafuliwa, yaani ya kuandikwa, kwenye jedwali la kurasa. Nakala ilipotupwa, alama hiyo ya kuchafuliwa ilitoweka nayo, na kazi ya kunakili ikaanza upya.

Dhana iliyobeba rekebisho hili ilikuwa moja: ukurasa wa ramani hiyo ukiwa na alama ya kuchafuliwa, basi ni nakala. Anayepitia kiraka cha namna hii lazima atafute kila mahali panapoiweka alama hiyo. Kwenye kurasa kubwa palisalia mahali pamoja: kazi ya kuugusa ukurasa iliuchafua hata uliposomwa tu. Mwaka 2017 hitilafu hiyo ikapewa namba CVE-2017-1000405, na ikarekebishwa kwa kuweka alama pale tu ombi linapokuwa la kuandika.