Karatasi Kwanza, Kitambaa Baadaye

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, ndugu zangu wa Mnazi Mmoja, Kariakoo na Gerezani,

Fundi cherehani wa mitaa yetu hakimbilii kukata kitambaa cha mteja. Hukata karatasi kwanza, akaipima na kuirekebisha, maana karatasi ikiharibika hakuna hasara. Siku hizi daktari wa upasuaji naye anaweza kufanya hivyo kwa mfupa.

Mgonjwa anapigwa CT-Scan. Mashine inatoa picha nyingi za mwili, kama slesi za mkate. Kompyuta inaziunganisha ziwe mkate mzima, kisha printa inapanga plastiki tabaka juu ya tabaka mpaka inatokea taya au nyonga ya mgonjwa huyo huyo, kwa ukubwa wake halisi na kila ufa ulipo. Daktari anaishika, anaigeuza, anachagua pa kuanzia, anakunja vyuma vikae sawa kabla mgonjwa hajapewa nusu kaputi. Muda anaookoa ndani ya chumba cha upasuaji unampunguzia mgonjwa hatari.

Hospitali ya Great Ormond Street, London, ilitumia mifano ya namna hii kujiandaa kuwatenganisha Safa na Marwa, mapacha wa Pakistan walioungana vichwa. Kazi ilichukua awamu 3 na zaidi ya saa 50, ikakamilika Februari 2019.

Msidhani haya ni ya Ulaya tu. Kijitonyama, katika jengo la COSTECH, vijana wa Buni Hub walishaunda printa ya aina hii kwa vipuri vya vifaa chakavu. Na Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996, iko hapo Upanga, jirani yetu.

Kwa hiyo printa si kikwazo kikubwa. Kikwazo ni mwenzetu aliyegongwa na bodaboda, hana bima, na CT-Scan inataka fedha. Bila picha hakuna mfano. Tena anatakiwa kijana aliyefundishwa kutenganisha mfupa na nyama katika picha hizo, na daktari wa kuihakiki kazi yake.

Naomba mchango wa afya mwaka huu usinunue mashine ya kuonyesha wageni. Ulipie CT-Scan za wasio na uwezo, na umsomeshe kijana mmoja wa mitaa hii.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Fomu za ahadi anazo Mweka Hazina.