Safari ya Mfungwa: Nani Ana Dhamana Njiani?

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei



Mmeniomba niseme nanyi juu ya haki za wafungwa. Katika haki hizo nimechagua moja ambayo hatuizungumzi mara kwa mara, nayo ni usalama wa mtu anapohamishwa kutoka gereza moja kwenda jingine, au anapotolewa mahabusu kupelekwa mahakamani na kurudishwa. Sote tumewahi kusimama kando ya barabara tukaona karandinga likipita, vidole vya watu vimeshika wavu wa dirisha. Gari likishapita, nasi hushika njia yetu. Leo nawaomba tulifuate kwa mawazo mpaka liendako.

Maandiko Matakatifu yanatusimulia safari mbili za mfungwa mmoja. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 23, watu zaidi ya 40 wamekula kiapo kumwua Paulo atakapotolewa kupelekwa barazani. Mpwa wake anaifichua njama hiyo. Jemadari wa Kirumi anamtoa Yerusalemu usiku, chini ya ulinzi wa askari mia kadhaa. Anaagiza Paulo apewe mnyama wa kupanda, na anamwandikia liwali Feliki barua inayoeleza mfungwa huyu ni nani na ametokea wapi. Katika sura ya 27 Paulo anasafirishwa kwa meli kwenda Roma chini ya akida Yulio. Meli inapokwama karibu na Malta, askari wanataka kuwaua wafungwa wasije wakaogelea na kutoroka. Yulio anakataa. Wanaojua kuogelea wanaamriwa kujitupa majini kwanza, wengine wanashika mbao, na watu wote 276 wanafika nchi kavu.

Tuangalie jambo moja. Jemadari yule na Yulio hawakuwa Wakristo, wala hawakumfungulia Paulo. Walijua tu kwamba mtu aliyekabidhiwa mikononi mwao lazima afike akiwa hai. Hiyo ndiyo maana ya dhamana. Ukivuka mto na mtumbwi ukapinduka, utajitahidi kuogelea. Gari likishika moto, utafungua mlango. Mfungwa hawezi, kwa maana mikono yake ina pingu, mlango una kufuli, na ufunguo uko kwa mwingine. Kwa hiyo anayeshika ufunguo ameshika na uhai.

Pale dhamana hiyo inaposahauliwa, watu hufa. Mwezi Januari 2008, katika jimbo la Western Australia, mzee mmoja wa jamii ya wenyeji asilia alisafirishwa kwa gari la wafungwa kutoka Laverton hadi Kalgoorlie, mwendo wa kilometa zipatazo 360, wakati wa joto kali. Kifaa cha kupoza hewa katika chumba alichofungiwa kilikuwa kibovu. Alipewa chupa moja ndogo ya maji. Alifika hajitambui, akafariki kwa joto. Kosa aliloshikiwa lilikuwa kuendesha gari akiwa amelewa, na hakuna sheria iliyosema alipe kosa hilo kwa uhai wake. Tarehe 18 Agosti 2013, huko Misri, watu 45 walijazwa katika gari moja la polisi kupelekwa gereza la Abu Zaabal. Walikaa ndani ya gari hilo kwa saa nyingi katika joto, na hatimaye wakafyatuliwa gesi ya kutoa machozi humo humo. Watu 37 walikufa.

Umoja wa Mataifa ulikwisha kuweka kanuni juu ya jambo hili tangu mwaka 1955. Mwaka 2015 kanuni hizo zilifanywa upya, zikapewa jina la Nelson Mandela. Jina hilo lina sababu. Mandela mwenyewe, mwaka 1963, alisafirishwa usiku kucha kutoka Pretoria kwenda Cape Town, akiwa amefungwa minyororo pamoja na wenzake katika gari lisilo na dirisha, na ndoo moja ya kujisaidia.

Kanuni hizo zinasema nini juu ya safari?

1. Ni marufuku kusafirisha wafungwa katika gari lisilo na hewa au mwanga wa kutosha, au kwa namna ya kuwatesa mwili bila lazima.

2. Mfungwa asionyeshwe hadharani kuliko inavyolazimu, tena alindwe na matusi na udadisi wa watu.

3. Pingu zinaweza kutumika njiani kuzuia kutoroka, lakini ziondolewe anaposimama mbele ya hakimu. Mwanamke aliye katika uchungu wa kuzaa asifungwe kamwe.

4. Gharama za safari ni za idara ya magereza, wala si za mfungwa au jamaa zake.

5. Mfungwa ana haki ya kuwaarifu jamaa zake mara anapohamishwa.

Hiyo ya tano iguse mioyo yetu. Mama ametembea tangu alfajiri na kikapu chake, anafika langoni anaambiwa, "Huyo hayupo hapa, amehamishwa." Wapi? Hajui wa kumwuliza. Tena wahenga walisema, asiyekuwepo na lake halipo. Mara ngapi kesi imeahirishwa kwa kuwa gari la kuwaleta mahabusu halikupatikana, au halikuwa na mafuta? Mtu ambaye hajahukumiwa anarudishiwa majuma mengine ya kifungo kwa sababu ya tangi tupu.

Ndugu zangu, sisemi haya kuwashutumu askari magereza. Nao wamo katika gari hilo hilo, katika barabara hiyo hiyo, na wengi wao ni waamini wenzetu. Gari bovu ni hatari kwao pia. Askari anayekataa kuondoka na gari lililojazwa kupita kiasi anastahili kuungwa mkono nasi, kwa kuwa anafanya alichofanya Yulio.

Basi, tunapotembelea gereza, tusiishie kugawa sabuni na kusali. Tumwulize mkuu wa gereza kwa heshima: gari lina hali gani? Maji huwekwa? Wagonjwa hupimwa kabla ya safari ndefu? Jamaa huarifiwa?

Maswali ya kujadili katika jumuiya:

a) Je, katika jumuiya yetu kuna familia isiyojua ndugu yao amehamishiwa gereza gani? Tuwasaidieje kumtafuta?

b) Karandinga linapopita, watoto wetu hutusikia tukisema nini?