Mganga Mkuu Naye Yuko Zamu

NCHI JIRANI: Mazungumzo baada ya habari



Kila askari aliyepata kukaa lindoni anajua kwamba saa ya hatari haingoji. Adui hapigi hodi, wala hasubiri barua ya makao makuu ipelekwe na kujibiwa. Katika saa hiyo huulizwa swali moja tu: mkubwa wa zamu yuko wapi? Ikiwa yupo, anaona kwa macho yake na kuamua, kikosi husimama. Ikiwa hayupo, au yupo lakini amejifungia ofisini, hata kikosi chenye silaha bora huvurugika. Hivyo ndivyo ilivyo kambini na katika kituo cha polisi. Hivyo ndivyo ilivyo pia hospitalini, hasa katika upande ule unaowapokea wagonjwa wa dharura. Mambo yaliyotokea mwaka 2000 katika nchi jirani ya Uganda yanalithibitisha neno hilo kwa namna ambayo askari ataielewa upesi.

Magharibi ya mji wa Gulu, kaskazini ya Uganda, iko Hospitali ya Mtakatifu Maria, Lacor. Ilianzishwa na wamisionari wa Kikatoliki mwaka 1959, na tangu mwaka 1961 ilikuzwa na mume na mke, wote wawili madaktari, Piero Corti wa Italia na Lucille Teasdale wa Kanada. Mwaka 1983 alifika hapo daktari kijana, Mwacholi, mzaliwa wa kaskazini hiyo hiyo, jina lake Matthew Lukwiya. Baadaye akawa Mganga Mkuu wa hospitali. Miaka hiyo ilikuwa ya vita. Siku ya Ijumaa Kuu, mwaka 1989, waasi waliingia hospitalini wakitaka kuwateka watawa wa Kiitaliano. Lukwiya akawasihi wamchukue yeye badala yao. Wakamchukua, akatembea nao porini kwa muda wa wiki moja akiwa bado amevaa koti lake la kiganga, kisha wakamwachia. Alirudi kazini, na wafanyakazi wa Lacor hawakulisahau jambo hilo.

Mwanzoni mwa Oktoba 2000 Lukwiya hakuwepo Gulu. Alikuwa Kampala, katika Chuo Kikuu cha Makerere, akisomea shahada ya pili ya afya ya jamii. Tarehe 7 Oktoba alipigiwa simu na daktari aliyekuwa akikaimu nafasi yake. Ugonjwa usiojulikana ulikuwa unaua watu, na wanafunzi wawili wa uuguzi wa hospitali hiyo walikuwa wamekwisha kufa. Lukwiya angeweza kujibu kwamba yuko masomoni, na kwamba aliyeachiwa ofisi ashughulike. Hakujibu hivyo. Jioni ya siku hiyo hiyo alikuwa Lacor.

Usiku ule alikaa pamoja na mtawa mmoja, muuguzi wa miaka mingi, wakayafungua majalada ya wagonjwa, moja baada ya jingine. Wakapata vifo 17 vilivyofanana: homa, kutapika, na damu. Hapa ndipo ilipoonekana kazi ya mganga mwenye cheo na uzoefu. Daktari kijana humwona mgonjwa aliye mbele yake, akamtibu kadiri ya ujuzi wake, akaenda kwa mwingine. Daktari wa wodi ya pili naye humwona wake. Kila mmoja ameona jani, wala hakuna aliyeuona mti. Ni lazima awepo mkubwa mmoja atakayeyaweka majalada yote juu ya meza moja na kuuliza yanasema nini kwa pamoja. Maofisa wa upelelezi wanaijua kazi hii. Wizi kumi katika mitaa kumi waweza kuwa kazi ya genge moja, lakini hautajulikana hivyo mpaka afande mmoja ayasome mafaili yote kumi.

Kulipokucha, Lukwiya hakuandika barua ya kupitia ngazi moja baada ya nyingine. Alimpigia simu moja kwa moja Dakta Sam Okware, mkuu wa huduma za afya ya jamii katika Wizara ya Afya. Wala hakukaa akingoja majibu. Wataalamu wa uchunguzi wa virusi walipofika Lacor walikuta wodi ya kuwatenga wagonjwa imekwisha kufunguliwa, kwa kufuata maelekezo ya Shirika la Afya Duniani. Damu ilipelekwa Afrika ya Kusini kupimwa, na katikati ya Oktoba jibu likaja: ni Ebola, ya ile aina iitwayo Sudan. Siku zile zote za kungoja jibu, wodi ilikuwa inafanya kazi. Kama ingengojwa karatasi ya maabara, wagonjwa wangeendelea kulala pamoja na watu wengine, na kila kitanda kingekuwa mlango wa kupitia maradhi.

Thamani ya siku hizo yaweza kupimwa kwa yale yaliyotokea Yambuku, katika Zaire ya wakati ule, mwaka 1976. Hospitali ndogo ya misheni ya Yambuku haikuwa na daktari. Watumishi wake walifanya kazi kwa moyo, wakitumia sindano chache kwa wagonjwa wengi, na Ebola ikasafiri katika sindano hizo. Kati ya watumishi 17, walikufa 11, na hospitali ikafungwa. Watu 318 waliugua na 280 wakafariki. Watumishi wa Yambuku hawakuwa waoga wala wavivu. Walichokosa ni vifaa, na mtu mwenye elimu ya kuutambua mwelekeo wa maradhi mapema na madaraka ya kusema: simamisheni kazi hii, anzeni ile.

Katika wodi ya kutengea wagonjwa Lukwiya hakumpeleka mtu kwa amri. Aliomba wenye kujitolea, naye akawa mmoja wao. Hata hivyo maradhi yaliendelea kuwapunguza wahudumu. Mwishoni mwa Novemba, katika siku moja, walikufa wagonjwa saba, na watatu miongoni mwao walikuwa watumishi wa afya. Wauguzi wakagoma, na wafanyakazi wapatao 400 wakakusanyika katika ukumbi wa shule ya uuguzi. Wengi walitaka hospitali ifungwe.

Kila kamanda aliyepata kusimama mbele ya askari waliovunjika moyo aufikirie mkutano huo. Lukwiya hakuwatisha watu wake kwa kufukuzwa kazi, wala hakuwaambia kwamba hatari ni ndogo. Aliwaeleza kwamba wakiifunga hospitali, watu wengi zaidi watakufa. Akasema kwamba ikifungwa, yeye ataondoka Gulu wala hatarudi tena. Wale waliokuwa wakimsikiliza walijua kwamba ndiye aliyejitoa kwa waasi mwaka 1989, na kwamba kila siku alivaa mavazi ya kinga kama wao na kuingia mle mle walimoingia wao. Maneno hayo yangesemwa na mtu aliyeko mbali kwa njia ya simu, yasingekuwa na uzito wowote. Mgomo ukaisha, watu wakarudi zamu.

Lakini huenda wakati huo Ebola ilikuwa tayari imo mwilini mwake. Usiku mmoja, tarehe 20 Novemba, muuguzi mmoja aliyekuwa mgonjwa mahututi alianguka kutoka kitandani huku akitokwa damu. Lukwiya aliitwa, akaenda kumsaidia akiwa na mavazi ya kinga, ila hakuvaa kinga ya macho. Siku chache baadaye akashikwa na homa. Alilazwa katika wodi ile ile aliyoifungua, akatunzwa na watumishi wake mwenyewe, na tarehe 5 Desemba 2000 akafariki dunia. Alizikwa katika uwanja wa hospitali, karibu na kaburi la Dakta Teasdale.

Wako watakaosema kwamba kifo hicho kinathibitisha kinyume: kwamba mkubwa hapaswi kwenda mstari wa mbele, kwa kuwa akianguka yeye, jeshi limeanguka. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Mganga Mkuu mmoja huchukua miaka mingi kupatikana. Tena kanuni ya kinga haina cheo. Inamlinda nesi mwanafunzi na inamlinda mkuu wa hospitali, na humwacha yeyote anayeiacha, hata kwa dakika moja, hata kwa sababu ya huruma. Katika hilo askari wana la kujifunza, kwani uchovu wa majuma mengi bila kupumzika ni adui anayemwendea mkubwa kabla ya mdogo.

Hata hivyo hoja hiyo haifiki mwisho wa habari yenyewe. Baada ya Lukwiya kufariki, Lacor haikufungwa. Wale aliowafundisha waliendelea na wodi, kwa taratibu zile zile. Mnamo Februari 2001 Uganda ilitangazwa kuwa salama. Katika wilaya za Gulu, Masindi na Mbarara walikuwa wameugua watu 425, na 224 walikuwa wamefariki, wakiwamo watumishi zaidi ya 10 wa Lacor. Huo ni msiba mkubwa. Lakini maradhi yaliyoingia katika eneo la vita, ambako maelfu ya watu walikuwa wamesongamana makambini, yalizimwa katika muda wa miezi mitano. Kiongozi hupimwa kwa yale yanayoendelea akiwa hayupo, na kwa kipimo hicho Lukwiya alishinda.

Aina hiyo hiyo ya Ebola ilirudi Uganda mwezi Septemba 2022, ikagunduliwa katika hospitali ya Mubende. Safari hii watu 142 walithibitishwa kuugua, na 55 kati yao wakafariki, kabla ya mlipuko kutangazwa kwisha mwezi Januari 2023. Ulizimwa bila chanjo, kwa kutenga wagonjwa, kufuatilia waliokutana nao, na kuzika kwa uangalifu. Miongoni mwa watumishi wa afya waliopoteza maisha alikuwamo daktari mmoja Mtanzania, aliyekuwa Uganda kwa masomo ya upasuaji. Mpaka wa nchi haukumkinga yeye, na hauikingi nchi yoyote. Ujirani ni wa raha na wa maradhi pia.

Kwa askari, basi, mambo matatu ni ya kushikwa. La kwanza, katika zahanati ya kikosi na katika hospitali kubwa, mganga mwenye cheo cha juu awe karibu na mlango wanakopokelewa wagonjwa wa dharura, usiku na mchana, wala asiwe mtu wa kuletewa taarifa asubuhi. La pili, mganga huyo akisema hapa pafungwe, na huyu atengwe, asikilizwe mara moja, hata na mwenye nyota nyingi begani kuliko yeye. La tatu, kila mkubwa, wa bunduki au wa dawa, amfundishe mapema atakayeshika nafasi yake.

Zamu ya Lukwiya ilikwisha tarehe 5 Desemba 2000, lakini wodi aliyoiacha ilipata wa kuilinda. Palipo na nafasi ambayo haijapata mtu wa kuipokea, afundishwe mtu leo, kabla mbiu haijalia.