Jeki Haina Huruma

Leo tuzungumze juu ya mashine ndogo ambayo fundi wa kijiji anaweza kuitengeneza nyumbani. Inaitwa presi. Kazi yake ni kugandamiza polepole, lakini kwa nguvu nyingi.

Itatusaidia nini? Beringi ya mkokoteni ikilika, wengi wetu hukimbilia nyundo. Tunagonga, tunagonga, mwisho beringi mpya inapasuka. Pesa imekwenda, na mahindi bado yako shambani. Presi huisukuma beringi taratibu mpaka ikae mahali pake.

Presi ina sehemu nne. Ya kwanza ni fremu: nguzo mbili za chuma kinene, na mihimili miwili, mmoja juu na mmoja chini, imefungwa kwa bolti nene. Ya pili ni jeki ya gari, ile ya mafuta inayosimama kama chupa. Ya tatu ni daraja, yaani chuma kinachopanda na kushuka katikati ya nguzo. Jeki husimama juu ya daraja. Ya nne ni springi mbili zinazoning'iniza daraja kwenye mhimili wa juu.

Ukipampu jeki, kichwa chake kinasukuma mhimili wa juu. Mhimili hauendi popote, kwa hiyo daraja linashuka na kugandamiza kitu kilichowekwa juu ya mhimili wa chini. Ukifungua vali ya jeki, springi zinalirudisha daraja juu.

Sasa tuhesabu. Jeki imeandikwa tani 5. Tani 1 ni kilo 1,000. Basi hizo ni kilo 5,000, sawa na magunia 50 ya kilo 100! Nguvu yote hiyo inabebwa na fremu. Jeki haina huruma; hutafuta palipo dhaifu.

Katika ziara zetu tulimkuta fundi mmoja aliyeunga fremu kwa vyuma vya kitanda. Jeki yake ilikuwa ya tani 20, wala hakuisoma. Fremu ilifyatuka, kipande cha chuma kikampiga jichoni. Jicho hilo halioni tena.

Kwa hiyo tushike haya:

1. Tusome tani za jeki kabla ya kujenga. Fremu iwe na nguvu kuishinda jeki. Kama hatuna hakika, tumwulize fundi anayejua vyuma.

2. Kila siku kabla ya kazi tukague bolti na maungio. Tukiona ufa, tusitumie.

3. Beringi ikiingia kwenye ekseli, tusukume pete ya ndani. Ikiingia kwenye kitovu cha gurudumu, tusukume pete ya nje. Ikae katikati, isiende upande.

4. Beringi huweza kupasuka kama kioo. Tuvae miwani ya kinga, tusimame kando, na watoto wakae mbali.

5. Kitu kikigoma, tusiunge bomba kwenye mpini wa jeki ili kuongeza nguvu. Tufungue vali, tutafute sababu.

Mwisho, tuandike kwa rangi juu ya fremu: MWISHO TANI 5. Kabla ya kisomo, namba kwenye jeki ilikuwa mikwaruzo tu machoni pa wengi wetu. Leo tunaisoma. Basi tuitii.